Dari Yenye Afya Njema

Kuna watu wanapita huku na huku wakidai kwamba katika nchi yetu ya Tambarare serikali haiwasikilizi wananchi. Mimi huwa nawahurumia. Watu hao hawajawahi kulalamika kuhusu dari. Bi Sikudhani alilalamika kuhusu dari, na serikali ikamsikiliza mpaka akaomba aachwe apumue. Nilikuwepo, na nitaeleza kama nilivyoona, bila kutia chumvi, maana mimi ni katibu mwenezi wa chama katika Mtaa wa Neema, na watu wa kazi yangu hatujui kabisa kutia chumvi.

Mtaa wa Neema ni ule wa nyumba mpya walizojengewa wastaafu watiifu. Ulijengwa na kampuni ya shemeji yake Waziri wa Makazi, Mheshimiwa Dakta Shangwe. Kabla ya hapo shemeji alikuwa anauza manukato, lakini zabuni aliipata kwa haki kabisa, kwa kuwa siku ya kufungua zabuni washindani wake wote walikuta geti limefungwa. Akajenga kwa kasi iliyowashangaza hata mafundi wake. Saruji alitia kidogo na mchanga mwingi, jambo lililosifiwa redioni kama mfano wa kutumia mali ya nyumbani, kwani saruji tunaiagiza ng'ambo lakini mchanga ni wetu wenyewe. Siku ya uzinduzi Mlezi Mkuu wa Taifa alikata utepe, akagonga ukuta kwa fimbo yake, ukuta ukaitika kama debe tupu, nasi tukapiga makofi.

Nyumba inayotazamana na yangu alipewa Bwana Feruzi. Alikuwa mtoa ishara wa reli, mtu mpole, aliyemaliza ujana wake kando ya njia akiinua bendera na kungoja treni kubwa zipite. Mkewe ndiye Bi Sikudhani, fundi wa kushona nguo, mwanamke ambaye akikuuliza swali hubaki amesimama palepale mpaka umjibu. Waliishi na mama yake Feruzi, Bi Tausi, ambaye alivunjika nyonga na hakuweza tena kutembea. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kwa sababu hakikupita kwenye mlango wa chumbani. Shemeji alikuwa amebana matumizi kwenye milango pia.

Kwa kulala chali kutwa nzima, Bi Tausi ndiye aliyekuwa raia pekee wa mtaa wetu mwenye nafasi ya kutazama juu.

"Sikudhani," aliita asubuhi moja, "dari yenu inapasuka."

"Ni utando wa buibui, mama."

"Buibui gani huyo anayefuma kutoka kwenye taa mpaka dirishani? Vaa miwani uangalie."

Bi Sikudhani akapanda juu ya kiti. Haukuwa utando. Ulikuwa ufa, na ncha ya kidole chake ilizama ndani yake bila taabu. Hajashuka, kipande cha lipu kikabanduka na kutumbukia kwenye kikombe cha chai cha mama mkwe wake. Bi Tausi akakiopoa kwa kijiko, akakitazama.

"Haya," akasema, "na sukari mnaninyima."

*

Bi Sikudhani alikwenda Ofisi ya Makazi. Hapo alipokewa na karani wa kike mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi za bendera ya taifa.

"Nimekuja kutoa taarifa ya ufa kwenye dari," akasema Bi Sikudhani.

"Nyumba ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi hakuna ufa," akasema karani kwa upole. "Nyufa ziko kwenye nyumba za watu binafsi. Nyumba za serikali zina mistari."

"Mstari unaodondosha mawe?"

"Mama, usinitie matatani. Mimi nimepewa maneno matatu ya kutumia: mstari, nakshi, na alama ya kukomaa. Chagua moja."

"Lipi nikilichagua atakuja mtu wa kuangalia?"

Karani akatazama kucha zake, akifikiri. "Mistari ni mambo ya shule. Nakshi utapelekwa Wizara ya Utamaduni, na wale hawana gari. Alama ya kukomaa anakuja mhandisi, kutoa pongezi."

Bi Sikudhani akachagua alama ya kukomaa.

Mhandisi alifika, na napenda ieleweke kwamba alifika upesi, wiki iyo hiyo, mambo ambayo nchi jirani hawayajui. Jina lake Uledi. Alikuwa kijana mwembamba, msomi, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi. Aliwasalimu wenyeji kwa shikamoo, hata Bi Tausi akamwangalia mara mbili, maana hakuzoea kuamkiwa na watu wenye magari ya serikali. Kisha akaomba ufagio.

Aliugeuza, akaanza kugonga dari kwa mpini, polepole, kutoka upande wa mlango. Ko, ko, ko, ikasema dari. Akasogea. Ko, ko. Alipofika juu ya kitanda cha Bi Tausi, dari ikasema po. Mhandisi Uledi akasimama. Akagonga tena kwa ncha tu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Po. Akashusha ufagio, akauegemeza ukutani kwa uangalifu mkubwa, akaenda kufunga dirisha.

"Mhamisheni bibi," akanong'ona. "Leo hii. Chukueni misumeno mkikate kitanda kama hapana budi, lakini asilale hapa."

"Itaanguka?" akauliza Bwana Feruzi.

"Haijaungwa vizuri na nondo. Imejishikilia tu, sijui kwa nini."

Baada ya hapo akaketi, akaandika taarifa yake. Bi Sikudhani alisimama nyuma ya bega lake akaisoma. Iliandikwa: *Dari ina afya njema na inaendelea kukomaa.*

"Mhandisi," akasema, "mbona uliyoyasema na uliyoyaandika hayafanani?"

Uledi hakuinua uso. "Niliyoyasema, mama, nimeyasema kama mtu aliyezaliwa. Niliyoyaandika nimeyaandika kama mtu aliyeajiriwa."

Hata hivyo dhamiri ilimsumbua, akafanya kitu kimoja cha kitaalamu. Alichukua kipande chembamba cha kioo, akakigandisha kwa gundi juu ya ufa, upande mmoja huku na mwingine kule. Akaeleza kwamba kioo hakinyumbuliki. Dari ikitulia, kioo kitakaa. Dari ikisogea hata unywele mmoja, kioo kitavunjika, na hapo hata wizara haitaweza kubisha.

Kesho yake kioo kilikuwa kimevunjika katikati.

Wizara ilibisha. Ilisema kioo kile kilitengenezwa ng'ambo na hakikuelewa mazingira yetu. Ikaagiza kiondolewe na badala yake kiwekwe kipande cha mpira, uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli iliyounganishwa hapahapa nchini. Mpira ukawekwa. Ufa ukapanuka, mpira ukavutika, ufa ukapanuka tena, mpira ukavutika tena bila kukatika. Redio ikatangaza kwamba majaribio yamethibitisha dari imetulia.

*

Wakati huo Bwana Feruzi alikuwa amekwisha kuazima msumeno ili akikate kitanda cha mama yake na kumhamishia chumbani. Alikuwa ameanza mguu wa kwanza pale ilipoingia Tume.

Jina lake kamili lilikuwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Maneno Kuhusu Dari. Iliongozwa na jaji mstaafu mwenye kitambi na kauli nzito. Wajumbe wote waliingia wamevaa kofia ngumu za wajenzi, ambazo mwenyekiti alieleza kwamba ni kwa heshima ya mwenye nyumba. Hakuna aliyetazama juu, kwa kuwa haikuwa kazi yao. Walikuja kwa ajili ya maneno.

Jambo la kwanza, jaji aliamuru msumeno uwekwe chini. Alisema sebule sasa ni eneo la uchunguzi, na kila kilichomo ni kielelezo: meza, kitanda, na bibi aliyelala juu yake. Hakuna kielelezo kitakachosogezwa.

"Bibi," akamwambia Bi Tausi, "ni nani aliyekutuma kutazama juu?"

"Nyonga yangu."

Jaji akamgeukia mwandishi wake. "Andika jina. Nyonga. Huyo Nyonga anakaa wapi?"

"Hapa," akasema Bi Tausi, akajipigapiga kiunoni.

Jaji akakohoa. "Na kabla hujaanza kutazama, huo unaouita ufa ulikuwepo?"

"Nitajuaje na sikuwa ninatazama?"

Hapo jaji akawageukia wenzake akimeremeta. "Waheshimiwa, mmesikia kwa kinywa chake mwenyewe. Ulianza kuwepo alipoanza kutazama."

Uamuzi ulitoka palepale. Chanzo cha tatizo ni kutazama. Kitanda kibaki kilipo, na bibi ageuzwe uso wake uelekee ukutani mpaka itakapoamriwa vingine. Kwa kuwa Tume haikuwa na mtu wa kugeuza, kazi hiyo ikakabidhiwa mtoto wake wa kumzaa.

Nilikuwa mlangoni. Bwana Feruzi aliinama, akamshika mama yake begani na kiunoni, akamgeuza taratibu, akamwekea mto mgongoni asirudi. Tume ikamshukuru, ikanywa soda, ikaondoka.

"Feruzi," akasema Bi Sikudhani, "umemgeuza mama yako ukutani?"

"Ni amri, Siku."

"Na dari ikianguka?"

"Hawawezi kuiacha ianguke. Ni watu wakubwa wale. Wanajua."

"Wanajua! Ndiyo maana wamekuja na kofia ngumu kichwani?"

Ndipo Bi Tausi akasema kutoka kule alikoelekezwa, "Acheni kugombana. Huku ukutani nako kuna mwingine. Ila huu bado mfupi."

Bwana Feruzi akatoka akaketi barazani. Nikaenda kumpongeza, kama inavyonipasa, nikamwambia chama kinajivunia utii wake. Aliinua uso.

"Katibu, mama yako yuko wapi?"

"Alikwishafariki, Bwana Feruzi. Zamani."

"Uliwahi kumgeuza ukutani?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda, kwa hiyo sikulijibu.

*

Sasa, watu wetu ni watu wa kuiga. Habari za Bi Tausi zilipoenea, mtaa mzima ukaanza kutazama juu. Watu walikuwa wakila chakula shingo zimepinda. Waumini walisali macho wazi. Mwalimu wa shule ya msingi aliwauliza wanafunzi mji mkuu wa nchi ni upi, darasa zima likawa linaangalia darini. Mheshimiwa Dakta Shangwe aliona kwamba heshima ya taifa inaporomoka, na akatangaza hatua ya kishujaa. Yeye mwenyewe, waziri kamili, angekuja kula chakula cha mchana chini ya dari ile ile, pamoja na wageni mashuhuri, huku televisheni ya taifa ikirusha tukio hilo moja kwa moja.

Maandalizi yalikabidhiwa kwangu. Nilileta mpakaji rangi, akaipaka dari rangi nyeupe ya kupendeza. Alipofika kwenye ufa brashi ilizama yote, akaiacha humo humo, akapaka juu yake. Nililetewa turubai kubwa lililosimikwa uani kwa ajili ya wapishi wa pilau na wa mbuzi wa kuchoma. Na ili kuipamba sebule, niliandikisha kitambaa kirefu chenye maneno DARI YETU, FAHARI YETU, nikakipigilia darini kwa misumari, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa nyundo ya kuazima.

Mhandisi Uledi alikuja asubuhi kukagua. Alipoiona ile misumari aliketi sakafuni.

"Umepigilia?" akaniuliza.

"Ya inchi nne," nikamjibu, nikidhani anavutiwa.

Alimfuata Bi Sikudhani uani, alipokuwa anakoroga sufuria la pilau. Nilimsikia akisema, "Mama, wanaleta bendi ya matarumbeta. Mle ndani. Ina ngoma kubwa."

"Kamwambie waziri wako."

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema mimi pia nimealikwa. Nimetengewa kiti katikati."

Bi Sikudhani alimtazama yule kijana, suti yake iliyomzidi mabega na jasho lililomtoka kabla hata jua halijakaza. Akamkatia kipande cha nyama, akampa kwenye kisahani. "Kula," akamwambia. "Kula ungali na njaa."

*

Wageni walifika. Walikuja Mheshimiwa Dakta Shangwe, jaji mstaafu, shemeji mwenyewe akinukia waridi, na wakubwa wengine ambao walitazama mbele kwa nidhamu, kila mmoja akimvizia mwenzake asije akainua macho. Bi Tausi aligeuzwa tena akalazwa chali, akavishwa kitenge kipya, na kitanda chake kikawa ubavuni mwa kiti cha waziri, ili watazamaji waone kizazi cha jana na uongozi wa leo chini ya dari moja. Mimi nilikaa kando ya mlango, kwa unyenyekevu.

Bwana Feruzi alipewa heshima ya kuwanawisha wageni mikono. Alizunguka na birika na beseni, ameinamisha kichwa, kama alivyoinamisha maisha yake yote.

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Ngoma kubwa ilipolia, vumbi jeupe lilishuka juu ya pilau.

"Chumvi," akasema waziri, akacheka. Wote wakacheka. Akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna wenzetu, wachache, wenye shingo ndefu, wanaosema dari hii ina kasoro. Nawauliza, dari ni nini? Dari ni serikali! Iko juu yako, haikuombi kitu, inakufunika. Je, wewe unayelala chini yake una cheti gani cha kuikagua? Mimi ninakula hapa. Ninameza hapa. Nani aliyeniona nikitetemeka?"

Hakuna aliyemwona akitetemeka. Kilichotetemeka kilikuwa vikombe. Kipande cha lipu kikamwangukia jaji kwenye sahani. Akakichanganya na wali, akala. Mhandisi Uledi alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza.

Wakati huo Bwana Feruzi alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mama yake, ameshika beseni lenye maji. Hakutazama juu, alikatazwa. Alitazama chini, ndani ya beseni. Na ndani ya yale maji, kama kwenye kioo, aliiona dari yote: kile kitambaa changu, misumari yangu, na katikati ya rangi nyeupe ule ufa, ukifunguka polepole kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno.

Akaliweka beseni sakafuni. Akainama, akaichukua mikono ya mama yake akaipitisha shingoni mwake, akambeba mgongoni, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Alipita mbele ya kamera. Alipita mbele ya waziri, katikati ya hotuba.

"Wewe bwana!" akasema waziri. "Unampeleka wapi mzee wetu?"

"Chooni, mheshimiwa," akajibu Bwana Feruzi, na wala hakusimama.

Hakuna sheria Tambarare inayomzuia mtu mzima kwenda chooni. Waziri akabaki mdomo wazi. Nikampisha Bwana Feruzi mlangoni, uso wake ulikuwa umelowa, na Bi Tausi mgongoni mwake alikuwa anasema, "Polepole, mwanangu, kitenge kinadondoka."

Yaliyotokea uani niliyaona kwa kuwa na mimi nilikuwa nimetoka nje kidogo, kuangalia hali ya hewa. Bwana Feruzi alimlaza mama yake juu ya mkeka chini ya turubai. Bi Sikudhani alimkumbatia mama mkwe wake, kisha akamshika mumewe uso kwa mikono yote miwili yenye mafuta ya pilau. Kule ndani hotuba ilikuwa imeanza tena, na ngoma nayo.

"Siku," akasema Bwana Feruzi, "mle ndani mna watu."

Bi Sikudhani akageuka akaitazama nyumba. Akauchukua tena mwiko. Nilimwona akiwaza, na sikupenda alivyokuwa akiwaza.

"Yule mhandisi yumo," akasema mumewe. "Na wapiga matarumbeta. Wametumwa tu wale."

Bi Sikudhani akavuta pumzi, akaenda mpaka dirishani, akaita kwa sauti ya furaha kabisa, sauti ya mwenye shughuli. "Waheshimiwa! Jamani, mbuzi mzima yuko nje huku ameiva, na wapishi wameanza kumshambulia!"

Hiyo ndiyo nafasi ambayo kila mmoja mle ndani alikuwa anaiomba kwa Mungu wake. Jaji aliinuka wa kwanza, akasema haki haiwezi kutendeka mbuzi akipoa. Shemeji akamfuata, kisha wakubwa wengine wote, bila kukimbia, ila kwa mwendo ambao miguu ilikuwa imewahi kuliko heshima. Bendi ikatoka ikipiga. Mhandisi Uledi alitoka kinyumenyume, amekumbatia birika la watu bila kujua.

Akabaki waziri na mpiga picha wa televisheni. Waziri hakuweza kutoka, maana taifa zima lilikuwa linamtazama. Aliendelea kuhutubia viti. Vumbi lilimjaa kichwani mpaka akawa mzee mwenye busara. Mpiga picha akatazama juu, akamtazama waziri, akatazama tena juu.

"Mheshimiwa," akasema, "betri imekwisha."

Sijapata kumwona kiongozi wetu yeyote akiwafikia wananchi kwa kasi namna ile. Alikuwa ameshavuka kizingiti, koti lake bado liko mlangoni, pale dari iliposhuka yote kwa pamoja. Mtaa mzima uliruka. Dirisha lilitapika vumbi jeupe, na pilau, na herufi chache za kitambaa changu. Palipotulia, mahali pa kitanda cha Bi Tausi palikuwa na kifusi kinachofika kiunoni, na juu yake imechomoza brashi ya rangi.

Halafu betri ya mpiga picha ikapona. Mheshimiwa Dakta Shangwe akajipangusa, akasimama mbele ya kifusi.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmeshuhudia wenyewe. Serikali yenu imeishusha dari kwa mafanikio makubwa, bila kumjeruhi mtu hata mmoja. Kwa miaka mingi dari zilikuwa juu, mbali na mwananchi wa kawaida. Leo tumeziteremsha mpaka kwenu."

Nasi tukapiga makofi.

*

Matokeo yake yalikuwa mema kwa jumla. Waziri alipewa nishani ya ujenzi. Shemeji alipata zabuni ya kuzoa kifusi, na baadaye ya kukirudisha juu. Mhandisi Uledi alihamishiwa Idara ya Sakafu, ambako hakuna kitu cha kuanguka, na naambiwa amenenepa.

Bwana Feruzi alichukuliwa na polisi jioni ile ile, kwa kosa la kumwondoa mzee kwenye hafla ya kitaifa. Walimtaka ataje majina ya waliomtuma. Bi Sikudhani alikaa kwenye ngazi za kituo na chakula kwenye kapu, akimuuliza swali lilelile kila askari aliyepita, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, hakuondoka. Mwishowe walimtoa Bwana Feruzi ili ngazi zipitike. Alikuwa anachechemea. Alieleza kwamba aliteleza. Vituo vyetu vina sakafu safi sana.

"Walikuuliza nini?" mkewe akamuuliza, wakiwa bado ngazini. Mimi nilikuwa nimetumwa kumpokea kwa niaba ya mtaa.

"Waliuliza kwa nini sikungoja amri."

"Ukawajibuje?"

"Niliwaambia maisha yangu yote nimewangoja wengine wapite, na mara hii mama alikuwa amelala relini."

Bi Sikudhani akamshika mkono, wakaenda nyumbani, yaani chini ya lile turubai uani, kwa sababu wizara ilikuwa imesahau kuja kulichukua. Bi Tausi aliwangoja huko amelala chali, akitazama anachotaka.

Siku aliyoachiwa yalitoka maagizo kutoka juu kwamba wakazi wa Mtaa wa Neema waendelee kulala ndani ya nyumba zao kwa utulivu na imani. Nilipita nyumba kwa nyumba kuyatangaza. Nilisema kwamba dari zilizobaki zote zimekaguliwa kwa kutazamwa kutoka barabarani, na zina afya njema. Watu walinisikiliza vizuri sana. Walikubaliana nami kila nilichosema. Nilirudi kwangu kabla ya magharibi, nikaketi kwenye kiti changu sebuleni, nikasikia juu yangu kitu kikisema po.

Nikatoa godoro langu nje. Nilikuta barabara nzima imejaa magodoro. Mwalimu alikuwepo na wanawe, karani wa kucha za bendera, ambaye sikujua kwamba anakaa mtaa wetu, na mzee wa usharika na mto wake. Tulisalimiana. Kila mmoja alieleza, kabla hajaulizwa, kwamba ni kwa sababu ya joto. Ndani hakukaliki kwa joto, walisema, na mimi nikasema kweli, joto la mwaka huu limezidi.

Ndipo mvua ikaanza kunyesha. Ilikuwa mvua kubwa, ya baridi, yenye upepo. Hakuna aliyeinuka kuingia ndani. Tulikaa vilevile juu ya magodoro yetu, tunalowa, tunajipepea. Bi Sikudhani akafunua pembe ya turubai, akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi.

"Katibu," akasema, "na wewe joto?"

"Kali sana, Bi Sikudhani," nikamjibu, huku nikikamua mto wangu. "Kali mno."